Sauti ya Pili

Karatasi zetu za mwaka mzima hukaa ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, juu ya kabati, na zinanuka omena, wale dagaa wa ziwani. Sioni haya kusema hivyo. Mtu anayenunua omena Usenge, akaileta Otonglo, akaiuza kwa kopo na kwa gunia, hata Biblia yake itanuka omena. Paka wa jirani anaijua katoni hiyo vizuri. Kila Desemba ikishushwa, yeye hufika mlangoni na kukaa kama mtu aliyealikwa.

Mwaka huu niliishusha peke yangu. Nilipanda kiti, nikaikumbatia, vumbi likaniingia machoni, nikaitua mezani. Paka akaja. Tukabaki tunatazamana, mimi na yeye, kama watu waliofika mkutanoni mapema kuliko mwenyekiti.

Mwenyekiti wa shughuli hiyo alikuwa mume wangu. Mwezi wa tatu tulimzika nyumbani kwake, upande wa Muhoroni, mkono wa kulia wa nyumba yetu ya kule, mahali ambapo ukinyamaza unasikia trekta za miwa zikipita barabarani. Matanga yalipokwisha nikarudi Otonglo nikafungua duka. Watu walisema nimerudi kazini mapema mno. Niliwajibu kwamba omena haijui matanga. Nilikuwa mkali siku hizo, na bado ni mkali, lakini ukweli ni kwamba kukaa bure kulikuwa kumenishinda.

Huku kwetu wengi hungoja Juni kujaza ritani ya kodi, tena siku ya mwisho, wakijipanga nje ya saiba, vile vibanda vya kompyuta, na kuulaani mtandao. Mume wangu alisema Juni ni ya wavivu. Yeye wiki ile iliyo kati ya Krismasi na mwaka mpya, wengine wakiwa wamelala wameshiba kuku, alishusha katoni, akafuta meza, akavaa miwani, akaniita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema, kila mwaka, kwa sauti ileile, kana kwamba methali hiyo ameitunga yeye asubuhi hiyo. Mimi nililalamika. Nilitaka kulala na mimi, na kuku mwenyewe nilikuwa nimempika mimi. Lakini Januari ilipoingia sisi tulikuwa tayari, na ikifika Juni tulipita karibu na foleni za saiba tukielekea sokoni, naye akawasalimia waliosimama juani kwa heshima nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kabla hatujaanza biashara alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha sukari, pale malori na trekta za miwa hupimwa kabla ya kushusha mzigo. Kule walikuwa na desturi yao. Karani akiona uzito, hauandiki kwanza. Anaupaza dirishani, na dereva aliye chini anaurudia kwa sauti yake. Wakilingana ndipo kalamu inagusa karatasi. Kelele za trekta ni nyingi, vumbi ni jingi, na mkulima aliyekosewa uzito wa miwa yake hasahau mpaka kaburini. Kwa hiyo kitu kilichosemwa mara moja tu hakikuandikwa.

“Sauti moja ni uvumi,” aliniambia mara ya kwanza tulipokaa mezani na katoni yetu. “Sauti mbili ndiyo hesabu.”

Basi tukafanya hivyo miaka yote. Alikuwa na ubao aliopigilia misumari, ncha zikitazama juu, mmoja kwa kila mwezi. Anatoa karatasi, anasoma: magunia, Usenge, Februari. Mimi narudia: magunia, Usenge, Februari. Anaandika daftarini, kisha anaichoma karatasi kwenye msumari wa Februari. Usafiri, stima, kodi ya chumba, tikiti za ushuru wa soko ambazo ni ndogo kama ukucha na hujificha kwenye mikunjo ya nyingine. Zote zilipitia midomo miwili. Nikisema nilikuwa napenda kazi hiyo nitakuwa nadanganya. Ilikuwa inanichosha sana.

Na mimi nikichoka nina mambo. Alipokuwa amezama kabisa nilimkosea makusudi. Akisema Usenge, nasema Uyoma. Akisema Julai, nasema Juni. Kalamu ilikuwa inasimama hewani palepale. Ananitazama juu ya miwani, hasemi neno, anangoja, na mimi natazama dari kama mtu asiyejua lolote. Mwisho mmoja wetu anacheka, na kwa kawaida si yeye. Nikirudia vizuri, kalamu inashuka.

Alikuwa na lake la kunicheka pia. Mwaka wetu wa kwanza mvua ilipenya paani na katoni ikaloa. Yeye alikuwa mjini. Mimi ni binti wa Usenge. Kitu kikiloa, kinaanikwa. Nikatandaza wavu kwenye uwanja kama tunavyotandaza kwa omena, nikazipanga karatasi juu yake moja moja, nikazigeuza zilipokauka upande mmoja. Jua la siku hiyo lilikuwa zuri. Jioni niliziokota zimekauka safi kabisa, na zile risiti laini zinazotoka kwenye mashine hazikuwa na herufi hata moja. Jua lilikuwa limekula kila kitu. Alipofika alishika moja, akaitazama mbele na nyuma, akaniambia, “Umeanika kodi.” Kwa miaka mingi baadaye, nikitaka kumshinda katika ubishi wowote, aliniuliza kama niliianua kodi au bado iko nje.

Haya yote yalikuwa yananijia huku nimesimama na katoni mbele yangu. Misumari ilikuwa mitupu.

Krismasi nilikuwa nimeenda kuila Muhoroni, kwa sababu mjane asiyeonekana nyumbani siku hiyo husemwa mwaka mzima. Nilipika, nikafagia kando ya kaburi, nikaimba kanisani. Baada ya chakula shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alivuta kiti karibu na changu. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kupanga mambo ya wengine yake yakiwa yamelala.

“Shemeji, hiyo duka ya Otonglo si bado iko kwa jina ya ndugu yangu?”

“Iko.”

“Sasa mwaka ikianza tukae chini kama familia tuone. Tunaweza kupea mtu akodishe, wewe urudi hapa dala, nyumbani, upumzike. Huko unakaa peke yako unafanya nini?”

Nilimwambia huko nauza omena. Alicheka, akanipigapiga begani, akaenda kutafuta soda. Mimi nilibaki nikitazama kiti alichokuwa amekalia. Nilijiona wazi kabisa nikiwa kwenye kiti kama hicho, mlangoni, asubuhi hadi jioni, nikitazama lile kaburi upande wa kulia, mpaka na mimi nichimbiwe langu kando yake. Otonglo pia niko peke yangu. Lakini huko kuna kopo la kupimia, kuna mteja wa kubishana naye, kuna mizigo ya kupokea. Upweke wenye kazi nauweza. Ule wa kiti ulinitia hofu mpaka nikaondoka siku iliyofuata kabla ya chai.

Nilimpigia binti yangu aliye Nairobi. Yeye anafanya kazi ofisini na mambo ya serikali anayajua.

“Mama, uncle hawezi fanya kitu kama duka iko kwa jina yako,” alisema. “Enda ofisi ya ushuru kabla mwaka uishe. Beba cheti na barua ya chifu. Wafunge PIN ya ushuru ya Baba kwanza, ndio duka ikuje kwako. Halafu permit ya Januari itoke na jina yako.”

“Wafunge?”

“Ee. Utawaambia tu vile Baba…” Mtoto wake akalia nyuma yake. “Uwaambie tu, Mama. Na karatasi uzigawe. Za Baba ni mpaka Machi. Kutoka hapo ni zako. Usichanganye.”

Lilikuwa jambo jepesi. Watu huenda ofisini kila siku wakasema mambo mazito kuliko hilo na kurudi nyumbani kula. Lakini mimi neno lenyewe sikuwa nimelitamka tangu Machi. Wengine walilitamka: daktari, chifu, mchungaji mbele ya jeneza, shemeji kwenye kipaza sauti. Mimi sikuulizwa. Mjane kwenye mazishi anashikwa mikono tu na kuambiwa mos, mos, pole mama. Baadaye mteja akiuliza mzee yuko wapi, nilimjibu yuko nyumbani Muhoroni, na hilo lilikuwa kweli, nikampimia omena yake. Anayejua alinyamaza. Asiyejua alimtumia salamu.

Na watu wa ushuru walikuwa hawajui. Simu yake niliiacha ikiwa na laini yake, naichaji pamoja na yangu kwenye waya mmoja. Mwanzoni iliita sana, kisha kidogo, kisha ikanyamaza. Marafiki zake wa kanisani walikuwa wameiondoa namba yake kwenye kundi lao, na sikuwalaumu. Kilichobaki ni ujumbe wa kodi tu. Walimkumbusha tarehe, wakamshukuru kwa kulipa, mwezi wa Desemba wakamtakia sikukuu njema. Nilicheka nilipousoma ule wa sikukuu, halafu nikalia, halafu nikaona aibu kwamba serikali ndiyo imenipokonya machozi ambayo kanisani yalikataa kutoka. Hao ndio watu wa mwisho waliokuwa wakizungumza na mume wangu kama mtu aliye hai, na mimi ndiye niliyetumwa kuwanyamazisha.

Nikaanza na kugawa, kwa kuwa lisilo budi hutendwa. Nilivuta karatasi ya kwanza. Mizigo, Usenge hadi Otonglo, Januari. Niliisoma kwa sauti. Hakuna aliyerudia. Nikairudia mwenyewe, na sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye mabati ikiwa ya mtu nisiyemjua. Nikajaribu kuibadilisha, niwe wa kwanza kwa sauti nzito na wa pili kwa sauti yangu. Paka akainuka, akatoka nje. Hapo nikajua nimefikia pabaya.

Nilifungua redio ili kuwe na mtu. Redio inasema lakini haikusikilizi. Nilisoma stima, Februari, na mtangazaji akanijibu kwa habari za mbolea. Nikaizima. Nikaenda kwa jirani, yule mwenye paka, mama mmoja kutoka Busia anayeuza makaa. Nilifikiri nimwombe akae nami saa moja, nimlipe hata kwa omena. Mlango ulikuwa na kufuli. Alikuwa ameenda kwao tangu Krismasi, kama watu wote wa ploti yetu, na ua mzima ulikuwa na kamba za nguo zisizo na nguo. Nilisimama pale nikasikia jinsi hamu ya kusikia mtu yeyote akisema lolote ilivyonipanda kifuani. Hata ugomvi ningeupokea.

Nikampigia tena binti yangu.

“Nisaidie kurudia karatasi,” nilimwambia. “Mimi nasoma, wewe unarudia.”

“Mama, si upige picha tu unitumie? Nitaziweka kwa kompyuta.”

“Dakika chache tu.”

Alikubali, kwa kuwa ana moyo mzuri. Nikasoma: kodi ya chumba, Januari. Akasema sawa. Nikasoma: magunia, Usenge, Januari. Akasema sawa. Nikasoma ya tatu, akasema sawa, Mama, endelea. Lakini sawa si kurudia. Anayesema sawa huenda anakoroga uji. Nilitaka kumwambia hivyo kwa ukali, nikajizuia, nikamshukuru, nikamwambia akamwangalie mtoto. Alionekana kufurahi kuachiliwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mwenye kidole kimoja anawashwa vilevile. Niliendelea kimya kimya. Mchana ulipofika, Januari, Februari na Machi zilikuwa zimechomwa kwenye misumari yake, chache, nyembamba, na ya mwisho ya Machi ilikuwa ya dawa. Nikaiondoa, kwa sababu dawa si gharama ya duka, nikaiweka ndani ya Biblia. Kisha nikaanza zangu. Aprili mpaka Julai zilikuwa za chakula cha kuku tu, ndicho nilichouza, maana miezi hiyo uvuvi wa omena hufungwa. Nilikumbuka ule ukimya, kutokuwa na mume na kutokuwa na omena kwa pamoja. Halafu zikaja za Agosti, kutoka Usenge, kutoka kwa mwanamke anayeniuzia, ambaye ana kitabu chake cha risiti na hujaza kwa mkono, herufi kubwa nzuri.

Imepokelewa kutoka kwa, ilisema, na hapo palikuwa na jina la mume wangu.

Nikatazama ya Septemba. Jina lake. Oktoba, jina lake. Zote, mpaka ile ya juzi. Nilikaa chini.

Mwenye kosa nilimjua. Agosti, uvuvi ulipofunguliwa na nikafika ufuoni peke yangu, yule mwanamke aliuliza mzee amepotelea wapi, na mimi nikamjibu kama nilivyowajibu wengine: yuko nyumbani Muhoroni. Usenge ni mbali na Muhoroni, naye ni mtu wa kuhamia ufuoni, hawajui watu wa kwetu, na habari za huko hazikuwa zimemfikia. Akaandika risiti kwa jina lake kama siku zote, akaing'oa, akanipa. Niliona. Nitasemaje sikuona? Nilisoma lile jina nikasikia raha, nikaikunja nikaitia mfukoni, na kila mara niliporudi nilingoja aandike tena vilevile. Juzi kabla ya Krismasi tulisimama kando ya nyavu, omena imetandazwa inameta, akanipimia gunia la mwisho la mwaka.

“Mzee naye kweli ameamua kukaa dala,” alisema huku akiandika. “Mwambie omena ya usiku wa giza ndiyo hii nyingi, ya mbalamwezi haitoshi mboga. Na salamu nyingi.”

“Zitafika,” nilisema.

Nilizibeba salamu hizo mpaka Otonglo pamoja na gunia. Na sasa, mezani, nikaona nilichokuwa nikifanya tangu Agosti. Omena niliyoinunua kwa jasho langu, niliyosafiri nayo, niliyoipakua kwa mgongo wangu, ilikuwa imenunuliwa na mtu aliyelala Muhoroni tangu Machi. Kwenye karatasi mimi sikufanya kazi hata siku moja mwaka huu. Shemeji angeziona karatasi hizo angesema unaona, duka ni la ndugu yangu, hata risiti zinasema. Na angekuwa sahihi. Mficha maradhi kifo humfichua, wanasema, na mimi nilikuwa nimekificha kifo chenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilivaa gauni la kanisani, nikazitia karatasi kwenye mfuko, cheti na barua ya chifu ndani ya bahasha, nikaenda mjini Kisumu.

Ofisi ilikuwa na mapambo ya Krismasi ambayo hayajashushwa, na maputo mawili yaliyoanza kusinyaa. Watu walikuwa wachache kwenye benchi. Kisumu wiki hiyo hupumua taratibu; wenye kwao wamekwenda kwao. Nyuma ya kaunta alikuwa msichana mwenye nywele fupi, umri wa binti yangu, feni ikipiga kelele juu ya kichwa chake.

“Karibu, Mama. Tukusaidie na nini?”

“Nimekuja kwa sababu ya duka.”

“Duka iko na shida gani?”

“Haina shida.” Nilishika bahasha kwa mikono miwili. “Imeandikwa kwa jina la mume wangu.”

“Mzee amekuja na wewe?”

“Hapana.”

“Anaweza kuja? Juu hii mambo anafaa akuje mwenyewe.”

Nilifungua mdomo. Nyuma yangu mtu alikohoa. Neno lile lilikataa kutoka. Nikafanya kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa: nikaisukuma bahasha juu ya kaunta.

Msichana alikifungua cheti, akakisoma. Uso wake ukabadilika kidogo.

“Mos, Mama,” alisema kwa sauti ya chini. “Mos sana. Kaa tu. Tutafanya pole pole.”

Akavuta kibodi. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti kila anachotaka kuandika, labda kwa sababu ya feni ile, labda alifundishwa hivyo. Alisoma majina yote matatu ya mume wangu, akaniinulia macho, vidole vyake vikiwa juu ya kibodi bila kugusa. Alikuwa anangoja.

Nilichelewa kuelewa. Halafu nikayarudia, yote matatu, kama tulivyozoea. Ndipo akaandika.

Akasoma namba ya kitambulisho, akangoja. Nikairudia. Akaandika. Akasoma Otonglo, nikasema Otonglo. Siwezi kueleza vizuri mwili wangu ulivyotulia. Mabega yalishuka. Tangu Machi nilikuwa sijasomewa kitu na mtu anayetaka kukisikia tena kutoka kwangu. Kwa muda mfupi nilisahau tuko wapi na tunaandika nini, nikawa nangojea tu kipande kinachofuata, na nilitaka viwe vingi, viendelee mpaka jioni.

“Alifariki mwezi wa tatu,” akasoma.

“Wa nne,” nikasema.

Vidole vikasimama hewani.

Sikuwa nimepanga. Naapa sikuwa nimepanga. Yalinitoka jinsi yalivyokuwa yakinitoka mezani kwetu. Msichana alinitazama, hakusema neno, akangoja, na mimi nikajikuta natazama dari. Nilikuwa nimempa mume wangu Aprili yote. Mvua za Aprili, na kuku waliototolewa, na ule ukimya wa ziwa kufungwa ambao angeujaza kwa methali zake. Kama ningenyamaza, vidole visingeshuka, na kisichoandikwa bado hakijawa. Nikangoja mmoja wetu acheke.

“Mama,” alisema msichana taratibu, akinigeuzia cheti nikione. “Hapa ni wa tatu.”

Nilikitazama. Nikafikiria kile kiti cha Muhoroni, pale mlangoni.

“Wa tatu,” nikasema. “Mume wangu alifariki mwezi wa tatu.”

Vidole vikashuka. Havikuchukua muda. Nilisikia vile vibonyezo vikigonga, nikalia pale kaunta bila kujificha, na msichana akanisogezea karatasi ya kujifutia akaendelea na kazi yake, na nilimshukuru kwa kuendelea.

Nilipotulia alizipitia karatasi nilizozibeba. Za mpaka Machi alizikubali. Za Usenge alizirudisha.

“Hizi zote ni za baada, na ziko na jina yake. Mwambie mwenye alikuuzia aziandike upya na jina yako. Atakubali?”

“Atakubali,” nikasema. “Kuna kitu nitamwambia kwanza.”

“Sawa. Na duka sasa tuandike ya nani?”

“Yangu.”

“Jina?”

Sokoni mimi ni Mama Omena. Kanisani naitwa kwa jina la binti yangu, mama wa fulani. Kwa shemeji ni mke wa ndugu yake. Jina langu lenyewe, nililobatizwa nalo, alikuwa akilitumia mtu mmoja tu, hasa akiwa amekasirika, hasa nikiwa nimemkosea Julai kwa Juni. Nililisema lote, na la baba yangu nikaongeza. Lilitoka likiwa na kutu.

Msichana alilirudia lote, polepole, bila kukosea, kisha akaliandika.

Nilikuwa nimesikia vizuri. Lakini nilimwambia feni ina kelele, alirudie tena.